Siku Saba za Kufuata Masuke: Kutoka Dodoma hadi Korogwe na Kurudi Meru

Siku ya kwanza: Dodoma mjini

Ndani ya begi langu mna lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, daftari, kalamu ya risasi, magazeti ya zamani ya kukaushia majani, na kopo dogo lenye konzi mbili za mbegu zilizonitoa nyumbani. Mbegu hizo zilinunuliwa msimu uliopita na kikundi cha wafugaji wa kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kwa muuzaji mmoja wa pembejeo, na mfuko wake uliandikwa kuwa ni nyasi za malisho aina ya Panicum. Zilipoota, sehemu kubwa ya kitalu ilijaa nyasi fupi ambazo ng'ombe walizila kidogo zikiwa changa, kisha wakaziacha kabisa zilipotoa masuke. Nilikuwa bibi shamba kwa miaka mingi, na wafugaji waliponiita niwaambie kilichoota ni nini, sikuweza kusema kwa hakika. Nyasi za jamii hii hufanana mno zikiwa changa, na masuke yalipotokea msimu ulikuwa umekwisha kupotea. Ndiyo maana nimeamua kuzifuata mashambani na porini, za kulimwa na za mwituni, nizitazame kiungo kwa kiungo.

Nimeanzia soko la Majengo kwa sababu Dodoma ndiko nafaka ndogo zinakoheshimiwa. Kijana mmoja ambaye magunia yake yalipangwa kwa rangi alinipimia nusu sado ya kila aina na kunitajia majina bila kusita: uwele, ulezi, mtama mweupe, mtama mwekundu. Jirani yake, mama aliyewahi kufanya biashara Mombasa, akamrekebisha kwamba huko kwao ulezi huitwa wimbi na uwele ni mawele. Wote wawili wamesema kweli. Tatizo huanzia pale neno moja linapobebeshwa mimea mitatu. Mwaka 2023, ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya nafaka hizi ndogo kufuatia pendekezo la India, nilisikia mara nyingi ukiitwa mwaka wa mtama, ilhali mtama ni mmea mwingine, mkubwa zaidi, ulio karibu na muwa kuliko na uwele.

Jioni nilizimwaga punje juu ya karatasi nyeupe. Punje ya mtama ni ya duara na ina doa jeusi pale ilipokuwa imeshikana na kikonyo. Ya uwele ina umbo la tone la maji, imechongoka upande mmoja, na rangi yake ni ya kijivu inayoelekea samawati. Ya ulezi ni kijiduara chekundu kilichoiva, na ukiisugua kwa kidole ikiwa na unyevu hutoa kingozi chembamba kinachobanduka chenyewe. Uzito nao hutofautiana sana: punje 1,000 za ulezi huwa na gramu 2 au 3 tu, za uwele gramu 8 hadi 10, na za mtama mara nyingi hupita gramu 25. Kwa punje, basi, hakuna sababu ya mtu kukosea. Makosa yako shambani.

Siku ya pili: Hombolo

Nilifika Hombolo asubuhi, wakati ambapo ndege nao walikuwa wamefika. Hapa kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo kinachoshughulikia mtama na uwele, lakini leo nilitaka shamba la mkulima, na nilimkuta bibi mmoja akiwa juu ya dungu akiamia ndege kwa kelele na kwa kombeo. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, akaongeza "Mbukwenyi" kwa Kigogo, akashuka kunikaribisha huku macho yake yakiwa bado angani, kwa kuwa kwelea kwelea hawasubiri mazungumzo yaishe.

Shamba lake lilichanganya uwele na mtama, kama yalivyo mashamba mengi ya huku ambako mvua ni ya msimu mmoja na haiaminiki. Kabla ya kutoa masuke mimea hii miwili humchanganya mgeni, lakini bibi alinionyesha njia yake: alipitisha kidole gumba juu ya ala ya jani la mtama, yaani ile sehemu ya jani inayolikumbatia bua, kikatoka na unga mweupe kama nta, akafanya vivyo hivyo kwenye uwele, kikatoka kitupu. Baada ya hapo suke lenyewe linatosha. La mtama lina matawi, na vijisuke vyake, yaani vile vifuko vidogo vinavyobeba punje, hukaa viwiliviwili, kimoja kimekalia tawi moja kwa moja na kuzaa, kingine kina kikonyo na kwa kawaida hakizai. La uwele ni silinda moja iliyoshikamana, ndefu, iliyonyooka juu ya bua kama mwanzi uliojazwa shanga.

Niliomba suke moja la uwele nikalikata katikati. Hapo ndipo lenzi ilipoanza kazi. Kila fungu la vijisuke, kwa kawaida viwili, limezungukwa na shungi la nywele ngumu, na fungu hilo lina kikonyo chake kifupi kilichoshikamana na uti wa suke. Nikamwomba bibi alipure suke jingine kwa viganja. Punje zilitoka, zikaanguka kwenye ungo, lakini vikombe vya nywele vilibaki kwenye uti, vikiwa vitupu. Nililiandika jambo hilo kwa herufi kubwa: nywele hubaki, punje hutoka.

Pembeni mwa shamba yalisimama mabua machache ambayo ningeyaita mtama, ila suke lake lilikuwa limetawanyika na jepesi. Bibi alilishika kwa chini, akalipitisha taratibu kiganjani hadi nchani, na mkono wake ukajaa mbegu. Akasema, "Huyu ni mtama mwitu. Anapukutika." Kisha akafanya vilevile kwa suke la mtama wake lililoiva, na hakuna hata punje moja iliyoanguka. Sikuwahi kuona tofauti ya mmea wa kulimwa na wa mwituni ikielezwa kwa mwendo mmoja wa mkono namna ile. Mmea wa mwituni huzitawanya mbegu zake mara zinapoiva ili uzao usipotee. Wa shambani umechaguliwa kwa maelfu ya miaka na watu waliovuna yale masuke yaliyowasubiri. Uwele ulipitia uchaguzi huo huko Sahel, na mabaki yake ya kale yaliyopatikana kaskazini mwa Mali yana takriban miaka 4,500.

Kabla sijaondoka alinionyesha pia kiduha, gugu linalofyonza mizizi ya nafaka, vimea vyenye maua mekundu vilivyochomoza chini ya mabua ya mtama yaliyodumaa. Nilimweleza kuhusu mbegu za Hakika na Wahi, aina za mtama zilizotolewa nchini kwa sababu zinastahimili kiduha. Aliniambia amezisikia, lakini ugali wa mtama wake wa zamani ndio wajukuu zake wanaoujua. Sikubishana naye.

Siku ya tatu: Kongwa

Kongwa inajulikana kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya kutafuna fedha nyingi na kutoa karanga chache. Ardhi iliyoishinda karanga iliikubali nyasi, na leo hapa kuna ranchi ya ng'ombe. Niliomba ruhusa ya kutembea kando ya uzio.

Nyasi iliyonileta huku ni Cenchrus ciliaris, yenye kisuke kama mkia mdogo wa rangi ya zambarau au kahawia, chenye nywele laini. Ukikitazama upesi utadhani ni uwele uliokondeana, na hutakuwa umepotea sana, kwa kuwa wataalamu wa majani waliuhamishia uwele kwenye ukoo huohuo wa Cenchrus mwaka 2010, ingawa vitabu vingi bado vinauita Pennisetum. Nilikipitisha kisuke kiganjani kama bibi wa Hombolo alivyonifundisha. Vilivyobaki mkononi mwangu vilikuwa vifungu vyepesi kama manyoya, kila kimoja kikiwa na mbegu ndani na nywele zake kuizunguka, na uti ukabaki mtupu kabisa, wenye mkunjomkunjo. Hapa nywele huondoka pamoja na mbegu. Ndivyo nyasi hii inavyosafiri, kwa upepo na kwa manyoya ya wanyama.

Imesafiri pia kwa meli. Mwaka 1937 mbegu za nyasi hii kutoka Dodoma zilipelekwa Australia, na aina iliyotokana nazo hupandwa huko kwa jina la Biloela. Wafugaji wa Queensland wanaipenda, na wahifadhi wa nyika za huko wanailaumu kwa kusambaa na kuzidisha moto. Nilikaa chini ya mti wa mbuyu nikiitazama ikiliwa na ndama, nyasi ya hapa hapa, na nilijisikia furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Siku ya nne: njiani

Kutoka Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, basi lilipita Morogoro, Chalinze na Segera, na nilifika Korogwe usiku. Kutokea Morogoro nyasi ndefu za kando ya barabara zilizidi kunenepa kadiri hewa ilivyozidi kuwa na unyevu. Sikuandika zaidi ya hapo.

Siku ya tano: Korogwe

Nimeisubiri siku hii kwa miaka. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanajua mbegu inayouzwa kwa jina la Mombasa, nyasi ndefu yenye majani mapana, inayosifiwa kwa maziwa. Wachache wanajua kwamba jina hilo lilitolewa Brazil, likiandikwa Mombaça, na kwamba mmea wenyewe ulikusanywa karibu na Korogwe mwaka 1967 na watafiti wa Kifaransa wa taasisi ya ORSTOM. Nyasi nyingine maarufu ya Brazil, iitwayo Tanzânia, ilitoka pia katika eneo hili. Mkusanyiko wao ulifika katika taasisi ya Embrapa ya Brazil miaka ya 1980, ukapandwa na kulinganishwa. Tanzânia ikatolewa kwa wafugaji mwaka 1990, na Mombaça mwaka 1993. Leo mbegu hizo zinarudi kwetu katika mifuko yenye picha za ng'ombe wa kigeni, na tunazinunua kwa bei.

Watafiti wale hawakuja Korogwe kwa bahati. Nyasi hii, ambayo kwa muda mrefu iliitwa Panicum maximum, kwa kawaida huzaa mbegu bila yai lake kurutubishwa, kwa hiyo kila mbegu ni nakala ya mama yake. Jambo hilo humfaa mfugaji kwa kuwa shamba huwa la sura moja, lakini humfunga mikono mzalishaji wa mbegu bora, kwa sababu hawezi kuchanganya sifa za mimea miwili. Humu mwetu, katika Afrika Mashariki, ndimo kulikopatikana mimea inayozaana kwa kuchavushana, na bila hiyo aina nyingi mpya zisingewezekana.

Nilitembea kandokando ya mashamba ya mkonge, kuelekea Mto Pangani. Nyasi ilikuwa kila mahali: vichaka vya mashina yaliyobanana, vingine vikinizidi urefu, kivulini chini ya miembe na juani kando ya reli. Kijana aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe wa mama yake aliniuliza natafuta dawa gani. Nilipomwambia kwamba majani anayoyakata yamevuka bahari na kuwa mali huko Brazil, aliacha panga, akalitazama fungu lake, akaniuliza, "Haya haya, mama?" Nikamwambia ndiyo, haya haya. Tukayatazama pamoja.

Hivi ndivyo nilivyoyaandika. Suke ni la matawi mengi yaliyo wazi, si silinda. Matawi ya chini kabisa hutoka mahali pamoja kulizunguka bua, kama mbavu za mwavuli, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuitafuta ukiwa mbali. Hakuna nywele ngumu zinazozunguka vijisuke. Kijisuke kina urefu wa milimita 3 hadi 4, ni kirefu kuliko upana wake, na mara nyingi kina rangi ya zambarau. Kapi lake la nje la chini ni fupi, theluthi moja tu ya kijisuke. Nililibandua kwa ncha ya sindano mpaka nikafikia ganda gumu la ndani linaloifunika mbegu: ni jeupe hafifu, na juu yake kuna makunyanzi madogo yanayokatiza upande hadi upande, kama mchanga wa pwani maji yanapokupwa.

Makunyanzi hayo ndiyo yaliyoibadilishia nyasi hii jina. Panicum halisi, kama Panicum miliaceum ambayo Linnaeus aliipa jina mwaka 1753, zina ganda laini linalong'aa. Kwa sababu hiyo na nyingine, nyasi ya Korogwe ilitolewa katika ukoo wa Panicum mwaka 1987, na tangu 2003 wengi wanaiita Megathyrsus maximus. Wauzaji hawajabadili maandishi ya mifuko yao, wala siwalaumu kwa hilo.

Kisha nikafanya jaribio la kiganja. Suke moja lilikuwa na vijisuke vibichi, vilivyoiva na sehemu zilizokwisha kubaki tupu, vyote kwa wakati mmoja. Inapukutika, tena haiivi pamoja. Anayezalisha mbegu zake hulazimika ama kuyafunga masuke kwa vifuko na kuyatikisa kila siku, ama kusubiri zianguke na kuzifagia ardhini kama wafanyavyo huko Brazil. Anayefagia ardhi hufagia na vingine. Nililifikiria kopo langu.

Kwa ruhusa ya kijana yule nilichimba vishina vitatu vyenye mizizi, nikavifunga kwa gunia lililoloweshwa.

Siku ya sita: Mombo na Moshi

Asubuhi nilisimama Mombo, chini ya Milima ya Usambara, kwenye mashamba ya mpunga wa kumwagilia. Wanawake walikuwa wakipalilia wakiwa ndani ya maji, na walikuwa wakizing'oa nyasi ambazo mimi nilishindwa kuzitenga na mpunga. Mmoja wao alinionyesha: alilivuta jani mpaka pale linapoachana na bua. Kwenye mpunga, hapo pana ulimi mrefu mweupe uliochongoka na visikio viwili vyenye nywele. Kwenye gugu lile, Echinochloa colona, pale pale pana ulaini mtupu, hakuna ulimi wala sikio. "Asiye na ulimi anang'oka," alisema, na mikono yake haikusimama. Jamaa wa gugu hilo hulimwa India kama nafaka. Nimejifunza kwamba ulimi wa jani ndio unaotazamwa mapema, kabla ya suke, na laiti ningeutazama kwenye kitalu chetu.

Mchana nikapanda basi la Moshi. Kwa rafiki yangu wa zamani nilikuta kimea cha ulezi kikiwa kimeanikwa kwa ajili ya mbege, na katika bustani yake ulezi uliobaki ulikuwa umesimama na vidole vyake vimejikunja ndani kama mkono unaoshika kitu. Chini yake kulikuwa na gugu lenye vidole pia, Eleusine indica, vyembamba, vilivyonyooka, na bua lililobanwa bapa na kuwa jeupe chini. Mbegu za gugu ni ndefu kidogo na zina mifereji. Za ulezi ni duara. Huyu hachanganyiki na yeyote ukishamwona mara moja, ila akiwa mchanga. Rafiki yangu alinisimulia kwamba bibi yake alipalilia ulezi kwa kupiga magoti, shina moja moja, kwa sababu hiyo.

Siku ya saba: Arusha, kisha nyumbani

Mjini Arusha nilinunua pakiti ya chakula cha ndege wa kufugwa, na ndani yake nilizikuta punje nilizozihitaji: za milimita 3 hivi, nyeupe na nyekundu, zenye ganda laini linalong'aa kama kigae kilichopakwa mafuta. Hiyo ni Panicum miliaceum, nafaka iliyoanza kulimwa kaskazini mwa China, inayoiva kwa siku 60 hadi 90. Niliiweka pembeni kama kipimo.

Nyumbani nilililimwaga kopo juu ya karatasi nyeupe, nikahesabu mbegu 100 kwa ncha ya sindano, moja baada ya nyingine chini ya lenzi. Hakuna hata moja iliyokuwa na ganda la kung'aa, na kwa siku mbili zilizopita ningesema kwamba zote, kwa kuwa zina makunyanzi, ni nyasi ya Korogwe. Lakini 27 tu ndizo zilikuwa ndefu za milimita 3 na zaidi, na 19 kati ya hizo zilikuwa makapi yasiyo na kitu. Nyingine 73 zilikuwa na milimita 2 tu, bapa upande mmoja na zenye kibyongo upande wa pili. Nikatoka hadi kwenye kitalu cha zamani, ambako bado yamesimama masuke makavu ya msimu uliopita, nikalishika moja na kulipandisha kiganja kutoka chini kwenda juu. Lilinikwama. Nywele zake zina vindoana vinavyoelekea chini, na masuke mawili yaliyogusana yalikuwa yamenasana yasiachane. Mbegu zilikuwa zimekwisha kuanguka, nywele zimebaki kwenye uti.

Ni Setaria verticillata, gugu la mashambani, nduguye wa mtama mdogo wa Kichina uitwao Setaria italica. Kwenye mfuko haikuwa rahisi kuitambua kwa sababu alama yake kubwa, zile nywele, haiondoki na mbegu, huachwa shambani. Ng'ombe waliiacha ilipotoa masuke kwa sababu vindoana hivyo huchoma midomo.

Nimempigia simu mwenyekiti wa kikundi, nikamweleza, na Jumatatu watakuja wote na lenzi itazunguka. Nimebandika kwenye kadi saba mbegu za kila mmea pamoja na kipande cha suke na kipande cha jani kinachoonyesha ulimi, na chini yake nimeandika majina yote niliyoyasikia, ya sokoni na ya vitabuni. Vile vishina vitatu vya Korogwe nimevipanda kando ya banda, mstari mmoja na mashina machache ya nyasi ya Brazil yaliyonusurika kwenye kitalu. Jani la Brazil lina upana wa sentimita 3 na ushei. La Korogwe halijafika 2. Ala zote mbili zina nywele fupi, na ndimi zote mbili, nilizozitazama kwa tochi giza lilipoingia, zina utando mfupi wenye ukingo wa nywele. Nimevimwagilia maji ndoo moja moja.